Kiinua Mgongo cha Marehemu Maige

Kama kuna mtu aliyestahili kiinua mgongo, ni Paskazia. Nasema mimi Nestory, niliyekuwa msimamizi wa wafagiaji, na asiyetaka kusikia azibe masikio. Halmashauri siitaji jina. Wenyewe wanajijua.

Mumewe, Maige, alifagia soko la samaki hapa ufukweni miaka sita, malaria ikamchukua. Ilikuwa mwaka themanini na tano, na ajira mpya zilikuwa zimefungwa. Matanga yalipoisha nikamwambia mjane, "Mama Ng'washi, kesho shika ufagio. Jina tuliache lilivyo." Kwetu ilikuwa hivyo: mwenye kazi akifa, wa nyumbani mwake anaishika ili watoto wapate kula. Maige alikuwa akiweka dole gumba kwenye orodha ya mishahara, Paskazia naye akaweka lake. Nani angekagua? Mimi nilitia saini chini, basi.

Miaka tisa mama yule alifagia magamba ya sangara na matumbo ya samaki, masika na kiangazi. Hata siku ya kipaimara cha mwanawe alifagia kwanza, ndipo akaenda kanisani, ananuka sato. Watu walimtania, naye akawatania zaidi.

Mwaka tisini na nne ikaja habari ya kupunguza wafanyakazi. Serikali haina hela, tukaambiwa, usafi atapewa mkandarasi. Tukapanga foleni ofisini, kila mtu na barua yake ya ajira mkononi, Paskazia na ile ya marehemu. Malipo yangetolewa kwa kuhesabu miaka ya kazi.

"Shikamoo mama. Maige mwenyewe yuko wapi?" akauliza karani, kijana aliyeletwa kutoka Mwanza.

"Marahaba. Alishakufa, mwanangu. Miaka tisa hii nafanya kazi mimi. Muulize msimamizi wangu, huyo hapo."

Lo! Macho yote kwangu. Nikikubali, wangeniuliza kwa nini marehemu alipokea mshahara kwa saini yangu, na kiinua mgongo changu kingeota mbawa. Nami nilikwisha kukipangia mabati na ng'ombe wawili.

"Mimi sikuwa na habari," nikasema.

Paskazia aliniangalia tu. Heri angenitukana.

Karani hakuwa mtu mbaya. Akapekua karatasi, akasema warithi wa Maige watalipwa ile miaka yake sita. Baada ya hapo, kwa mujibu wa taratibu, nafasi ile haikuwa na mtu.

"Haikuwa na mtu," Paskazia akarudia polepole. "Kwa hiyo, mwanangu, miaka tisa soko lilikuwa linajifagia lenyewe?"

Wengine wakacheka. Karani akakuna kichwa. "Mama, mimi nafuata karatasi."

Nimelifikiria sana jambo hilo. Ni rahisi kulaumu karatasi, lakini ile niliijaza mimi, na siku ilipohitaji mtu wa kuisahihisha, nilikuwa nimesimama hatua mbili tu kutoka mezani. Niliona aibu, na hadi leo naona aibu.

Mimi nililipwa yote, hata ile miaka tisa ya kumsimamia marehemu. Nikachukua nusu, nikampelekea nyumbani. Alinipa kiti, akanimiminia uji, bahasha akairudisha mfukoni mwangu kwa mkono wake.

"Shemeji," akasema, "mimi nilikuomba useme tu."