Mpira wa Shafti ya Kirikuu

Harufu ya grisi iliyochanganyika na vumbi bado siivumilii. Leo dereva aliyeleta mahindi shuleni alijipangusa mikono karibu yangu, na mara nikawa na miaka saba tena, nyuma ya nyumba yetu kule Kishapu, nimesimama katikati ya watu wawili waliochukiana na wasioruhusiwa kuongea wao kwa wao.

Mmoja alikuwa baba, amelala chini ya kirikuu, kigari kidogo cha mizigo. Mwingine alikuwa bibi, mama yake mama, amekaa kwenye kigoda huku amegeukia kibanda cha kuku. Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawaitani majina. Ndiyo heshima yenyewe. Basi maneno yao yote yalipitia kwangu, mimi ambaye hata mwalimu akiniita niliitikia kwa sauti ya kifaranga.

Kirikuu ilikuwa ya bibi. Aliuza ng'ombe akainunua, akampa baba aendeshe. Baba akawa anaipeleka machimboni Geita kubeba mawe, mpaka mpira unaofunika kiungo cha shafti, chuma kinachozungusha gurudumu la mbele, ukachanika. Grisi ikatapakaa ndani ya rimu, mchanga ukaingia, na kila kona gari likawa linagonga ka-ka-ka kama mtu anayetafuna mfupa. Bibi alikuja kutoka Didia kuamua kama gari libaki kwa baba au mjomba aje kulichukua.

"Kabula, mwambie baba yako gari si ng'ombe. Halilambi kidonda likapona. Alipeleke kwa fundi wangu."

Nikainama. "Baba, bibi anasema gari si ng'ombe."

Baba akajibu, akimwita bibi mayu, yaani mama: "Mwambie mayu, fundi wake huyo alijifunzia kwenye mkokoteni wa punda."

Hiyo niliona haya kuisema. "Bibi, baba anasema sawa."

"Nimemsikia alivyosema sawa," bibi alijibu, bado anatazama kuku.

Baba alianza kugonga nyundo kwa hasira. Alikuwa ameshasafisha kiungo na kukijaza grisi mpya, sasa anakirudisha kwenye shafti, kila pigo kama analipiga neno la bibi. Mpira mpya ulikuwa juu ya gunia, karibu na miguu ya bibi.

"Kabula, muulize baba yako, hiki cheusi ni cha kuvaa nani?"

Nikauliza. Baba akasema mayu apumzike, kila kitu kina zamu yake. Akapiga pigo la mwisho, kiungo kikaingia na kukwama barabara. Hapo akautazama mpira juu ya gunia. Mpira ulitakiwa uvalishwe kwanza, ndipo kiungo kifuate. Ilibidi afungue kazi yote upya.

Hakufungua. Alinyoosha mkono, akauchukua ule mpira, akatoa kisu na kuupasua kwa urefu, mpya vile, akauzungushia kwenye kiungo na kuufunga kwa waya. Grisi mpya ikaanza kuchungulia kwenye mpasuo.

Bibi akasimama. Hakuniita. Alizunguka gari akaenda upande alikokuwa baba, akainama mpaka macho yao yakakutana.

"Masanja," alisema taratibu. "Nipe ufunguo."

Baba alitoka chini ya gari polepole, akasimama mbele yake, akampa ufunguo uliojaa grisi. Mama, aliyekuwa amelisikia jina lile, alitokea jikoni na unga mikononi, akawaona walivyotazamana. Akakaa kizingitini, akaanza kulia.

Mimi nilicheka. Jamani, nilifurahi kweli. Nilikimbia kwa jirani kuwaambia wenzangu kwamba bibi na baba wamepatana, wanaongea wenyewe, sitatumwa tena. Niliporudi mama alikuwa anakunja nguo zetu na hakuna aliyekuwa amemwambia afanye hivyo. Jioni ile mjomba alikuja, akatuendesha mimi, mama na bibi kwa kirikuu hiyo hiyo hadi Didia, na baba hakutoka hata kutuaga.

Ilinichukua miaka kuelewa alichokisikia mama siku ile. Bibi asingemwita mkwe wake kwa jina, hata angemchukia vipi. Mtu aliyeitwa Masanja pale hakuwa mkwe tena, alikuwa mtu baki.