Futari ya Mtawa

Hadi leo nikisikia harufu ya udi wa vijiti, ule unaochomwa hekaluni, uso hunipata moto kwa aibu. Nyumbani kwetu Mtanda, mjini Lindi, tulifukiza ubani siku za Ijumaa. Udi wa vijiti niliukuta Dar es Salaam nikiwa na miaka tisa, mwezi wa Ramadhani, tulipokwenda kukaa kwa Mjomba Hamisi. Mjomba alikuwa mtunza bustani wa hekalu la Kibudha na alipewa vyumba viwili nyuma ya ua. Bibi Somoe, mama yake, alikuwa amekwenda kutibiwa mtoto wa jicho, na mimi mjukuu nilikuwa fimbo yake ya kutembelea.

Hekalu lile lilinishangaza kwa mambo niliyoyajua kuliko nisiyoyajua. Viatu vilivuliwa mlangoni, mabega yalifunikwa, sauti ilishushwa, kama msikitini. Yaliyobaki alinifundisha Mjomba: nisinyooshe miguu kuielekea sanamu, na ua la kutolewa sadaka nisilinuse kwanza. Mgeni ni kuku mweupe, nami sikutaka kuonekana, basi nikawa na adabu kuliko wenyeji. Nilikuwa mjuaji, nisifiche. Alasiri moja nilitaka kumpa mtawa wa pale korosho zetu za shambani Kitomanga, Mjomba akanizuia, akasema mtawa amefunga. Nikatikisa kichwa kama mtu mzima. Kufunga nilikujua, nani wa kunifundisha?

Mtawa alikuwa mzee mwembamba, nguo yake rangi ya binzari, Kiswahili chake cha kuokoteza. Alipomwona Bibi akipapasa ukuta hakumuuliza dini wala kabila. Alizungumza na daktari wa macho aliyekuwa akija kusali pale, na wiki ya pili Bibi akatibiwa, akafunguliwa bendeji. Kitu cha kwanza alichokiona ni kucha zangu zilivyojaa uchafu, akanisuta weee, kisha akalia. Akaapa kwamba haondoki mjini mpaka mtawa yule ale chakula cha mkono wake. Wema hauozi, alisema, lakini yeye hakuwa mtu wa kuulaza.

Siku ya mwisho, kesho yake alfajiri tukiwa na basi la Lindi, Bibi aliikataa ruhusa ya msafiri na ya mgonjwa pia, akafunga. Akapika mikate ya kumimina na maharage ya nazi, hata bila kuonja chumvi. Saa nne asubuhi akanipa hotpoti nimpelekee mtawa, maana jua bado lilimchoma jicho.

Nilifika kwenye ngazi za hekalu, nikasita. Kwetu aliyefunga hapelekewi chakula mchana kweupe. Ni kumkosea adabu, ni kama kumcheka. Haraka haraka haina baraka, nikajiambia, nikalificha hotpoti kwenye stoo ya majembe hadi magharibi. Bibi aliponiuliza nikamjibu tayari. Niliuona ni uongo wenye thawabu.

Jua lilipokaribia kuzama nikampelekea, na tende nimeziweka juu kwa madaha. Mtawa akatazama chakula, akanitazama mimi, akataka kucheka, akaacha.

"Mtoto, mimi kula asubuhi. Saa sita ikipita, basi, mpaka kesho."

Mjomba alikuja akanieleza huku ameshika kichwa. Funga yao huanza adhuhuri na kuisha kukicha, na kiporo hawali. Kesho kukicha sisi tungekuwa njiani. Ngoja ngoja huumiza matumbo, walisema wahenga, na mimi nilikuwa nimeshika methali moja nikaisahau ya pili.

Bibi akaitwa. Hakunipiga, na afadhali angenipiga. Alikaa kwenye benchi la zege mbele ya hekalu, akasema polepole, "Mtu amenipa macho, nami nimeshindwa kumpa mkate." Machozi yakamtoka kwenye jicho lile lile ambalo daktari alilikataza kulia. Nilitamani ardhi inimeze.

Adhana ikasikika kutoka mtaa wa pili. Mtawa akaingia ndani, akatoka na glasi ya maji, akaiweka kwenye benchi karibu na Bibi.

"Mama, wewe kula. Mimi kaa hapa."

Bibi akachukua tende, akapiga bismillahi. Alikula mikate yake mwenyewe, nami nikala, na mtawa akakaa nasi mpaka tukamaliza, mikono mapajani, ametulia kama aliyeshiba. Siku iliyofuata, basi lilipofika Miteja, njiani kwenda Lindi, Bibi akanigeukia. "Nilitaka kumlisha," akasema, "kumbe yeye ndiye kanifuturisha." Akageukia dirishani kutazama mikorosho, aliyokuwa hajaiona miaka miwili.

Bibi alifariki bila kurudi Dar es Salaam. Siku hizi barabara ni lami, na mtoto mwenye swali huiuliza simu. Mimi nilikuwa na majivuno tu. Mwaka jana nilisafiri kwenda huko, nikapika kwa dada yangu, nikafika hekaluni saa nne kamili, jasho linanitoka, hotpoti mkononi. Mzee wetu alisharudi kwao siku nyingi. Kijana aliyemrithi akaniuliza chakula nakitoa kwa ajili ya nani, maana kwao marehemu huombewa kwa sadaka ya chakula. Nikamtajia Somoe. Akalitaja jina hilo katika dua yao, akamimina maji kikombeni mpaka yakafurika, ishara yao ya thawabu kumfikia marehemu, kisha akaanza kula. Ilikuwa Jumatatu, na mimi nilikuwa nimefunga sunna. Nikakaa kwenye benchi lile la zege, nikamtazama mpaka mkate wa mwisho.