Mastura, Mchapaji Aliyezidisha Nakala Mbili

Saa moja na nusu asubuhi, Mastura Bakari anapangusa vumbi kwenye mashine ya kuchapia kwa kipande cha leso kuukuu, anapiga bismillahi, kisha anabonyeza swichi. Mashine inakohoa, inakoroma, inanyamaza. Anaipiga ubavuni kwa kiganja mara moja, nayo inaitika.

"Hii ni kama bwanangu Matano," asema akicheka. "Haamki kwa kuitwa mara moja."

Duka ni chumba kimoja cha barabarani hapa Kisauni, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka kwake Magogoni. Wateja wameshafika: mzee anayetaka kadi za maulidi, na bwana mmoja wa Chaani anayetaka ratiba ya mazishi ya kakake, kwa kuwa maiti inasafirishwa bara leo jioni. Mastura anaanza na ya maiti. Mzee wa maulidi anaitikia kwa kichwa, anavuta kiti na kukaa.

Kwa macho, hii ni kazi ya kila siku. Lakini chini ya meza, ndani ya boksi lililofungwa kwa kamba ya katani, mna picha ishirini zilizomkosesha raha mama huyu wa miaka thelathini na sita kwa wiki mbili sasa. Kesho, Jumamosi, ama zitakwenda Nairobi kutundikwa ukutani zikiwa na jina lake, ama zitakataliwa.

"Wallahi sijapata kuchanganyikiwa hivi," asema. "Nimetenda wema, nimeonekana mharibifu."

Mastura aliingia kwenye uchapaji mwaka 1984, akipanga herufi za risasi moja moja katika karakana ndogo ya mjini, akisoma maneno kinyumenyume mpaka akazoea kuliko kuyasoma sawasawa. Kompyuta ilipoletwa dukani humu miaka mitatu iliyopita, mwenye duka, Bwana Mutua, alimfundisha kwa siku tatu. Siku ya nne ni Mutua aliyekuwa akimuuliza yeye. Mshahara wake leo ni shilingi 4,200 kwa mwezi.

"Nimechapa majina ya maharusi, ya marehemu, ya wagombea viti walioshinda na walioshindwa," asema. "Langu sikupata kulichapa popote. Nani angelitaka?"

Wateja wanapokosekana, hushika kile kidude cha kuongozea kompyuta wanachokiita kipanya, akachora. Mwaka jana alichora foleni ya madumu kwenye kioski cha maji cha Magogoni. Watu hawamo. Wenyewe wamerudi nyumbani kuteleka chai na kuamsha watoto, wakayaacha madumu yawashikie nafasi, kama ilivyo desturi: la manjano, la buluu, jeupe lililoungua mdomo, na la mbele kabisa, jekundu, lililozibwa kwa gunzi la hindi. Mtu wa Magogoni akiitazama picha hiyo huanza kuwataja wenye madumu kwa majina.

Lile jekundu ni la Bi Kadzo Jefwa, mjane wa makamo, ambaye hakuna aliyewahi kumtangulia kwenye foleni hiyo.

Mastura aliichapa nakala moja akaibandika dukani kwa selotepu. Chema chajiuza, na chenyewe hakikuchukua muda. Mwezi wa tatu mwaka huu, 1998, aliingia Bi Philister Ogutu, mwenye chumba cha maonyesho ya sanaa jijini Nairobi, aliyekuja Changamwe kwa harusi ya mpwa wake na kutaka kadi hamsini. Kadi akazisahau. Alisimama mbele ya yale madumu mpaka Bwana Mutua akamuuliza kama anajisikia vizuri.

"Aliniuliza nani amechora. Nikamwambia ni mimi, kwa mashini. Akaniambia, 'Mashini haijui kwenda kuteka maji,'" akumbuka Mastura, na hapa anatazama pembeni kidogo. "Neno hilo lilinigusa. Nyumbani kwangu kila mtu alikuwa akisema ni kompyuta iliyochora."

Bi Philister alieleza kwamba ughaibuni, na sasa hata Nairobi, wapo watu wanaonunua picha zilizotoka kwenye kompyuta na kuzihifadhi kama wengine wanavyohifadhi dhahabu. Sharti ni ziwe chache. Angeleta karatasi nzito ishirini na nne, nne za kuharibika. Mastura achape ishirini, kila moja aitie sahihi na namba: 1/20, 2/20, hadi 20/20. Kisha picha ifutwe kwenye kompyuta na kwenye disketi, isichapwe tena milele. Kwa kila nakala Mastura angepata shilingi elfu moja.

Hapo ndipo kichwa kilipoanza kumzunguka, na si chake peke yake.

"Karatasi ni karatasi," asema Bwana Mutua, akijikuna kidevu. "Mashine inaweza kutoa elfu. Sasa tunaizuia ili iwe ghali? Hiyo biashara mimi siielewi, na nimefanya biashara miaka ishirini."

Mastura naye hakuielewa, lakini aliitaka. "Nisiseme uongo, nazitaka pesa. Na nataka jina langu likae ukutani, watu wasimame walitazame. Usiku ule wa kwanza nilifanya mazoezi ya sahihi nyuma ya daftari la Mwanasaumu binti yangu, kurasa tatu nzima."

Basi akachapa. Karatasi mbili ziliharibika. Ishirini zikatoka safi. Zikabaki mbili nyeupe, na mkono wa mchapaji wa Mombasa hauwezi kuiacha karatasi ya mteja ikae bure. Hapa pwani mteja akiagiza kadi mia, humpi mia. Unampa mia na tano, naye anakuombea dua. Nyongeza ndiyo inayomrudisha, na asiyeitoa huitwa bahili hata kama kazi yake ni nzuri.

Akachapa mbili za nyongeza. Akazitia sahihi kwa kalamu ya wino isiyofutika, kama alivyozitia zile nyingine, na kwa uaminifu wake wote akaandika namba: 21/20 na 22/20. Moja akaiweka juu ya boksi kama zawadi kwa Bi Philister. Ya ishirini na mbili alimpelekea Bi Kadzo.

Bi Philister alipokuja wiki mbili zilizopita akaona 21/20, akaambiwa na ya 22 iko kwa Bi Kadzo, aliketi kitako.

"Mama Saumu, umefanya nini?" aliuliza. "Nimewaahidi watu kwamba zipo ishirini tu. Wakisikia ipo ya ishirini na mbili, nani ataniamini tena? Na wewe, nani atakuamini?"

Mastura alimjibu kwamba ni nyongeza, hailipiwi. Bi Philister akashika kichwa. Akaeleza kwamba mchoraji huruhusiwa kubakiza nakala yake moja au mbili, mradi ziandikwe hivyo na zihesabiwe mapema. Lakini hizi zimeshatiwa namba zisizowezekana, na moja imeshatoka. Zote mbili zirudishwe, zichanwe mbele yake, na faili lifutwe. La sivyo hachukui hata moja.

"Kumbe nyongeza wanayo, ila ina jina lake na saa yake!" asema Mastura, na safari hii hacheki. "Mtu atajuaje?"

Juzi Jumatano alikwenda kwa Bi Kadzo. Alimkuta anapepeta mchele. Picha ilikuwa ukutani, imetiwa fremu ya mbao ya muhuhu iliyotengenezwa na shemeji yake, Garama, na chini yake pamewekwa kiti kisichokaliwa na mtu. Mastura alizunguka weee, akauliza habari za mbuzi, za mvua, za mguu, mwishowe akasema alilolijia.

Bi Kadzo hakugomba. Aliweka ungo chini, akaitungua picha, akaipangusa kwa upindo wa leso, akampa.

"Chukua, mwanangu, kama ndiyo inayokuzuilia riziki yako," alisema. Kisha akaongeza, taratibu, "Mimi nilidhani ulinipa."

Mastura anapolisimulia hilo anaisimamisha mashine. Mzee wa maulidi anainua uso.

"Nilikaa nayo mapajani mpaka chai ikapoa," asema. "Nikainuka, nikairudisha msumarini, nikaja zangu. Njia nzima najiuliza: una akili wewe? Elfu ishirini!"

Nyumbani, Matano amemwambia aifuate ile picha kabla ya kesho. Bwana Mutua anasema vivyo hivyo. Bi Philister amepiga simu dukani mara mbili kuuliza kama zote zimerudi, na mara zote mbili Mastura amejibu kwamba watazungumza Jumamosi.

Atakachozungumza ameshakipanga. Ataichana 21/20 mbele ya mgeni wake, pamoja na ile ya kwanza aliyoibandika dukani kwa selotepu. Atafuta picha kwenye kompyuta na kwenye disketi. Kisha atamwambia ukweli: zipo ishirini na moja duniani, na moja iko Magogoni kwa mwenye dumu jekundu, haiuzwi na hairudi.

"Namuomba Mungu Bi Philister anifahamu," asema. "Nataka sana anifahamu. Akikubali, inshallah nitachora nyingine, na safari hiyo nitahesabu sawasawa."

Na asipokubali?

Mastura anainama, anavuta boksi kutoka chini ya meza, anakaza fundo la kamba.

"Madumu mengine yale nayo yana wenyewe," asema. "Nitawapelekea picha zao, nianze na mwenye la manjano."