Jalada la Kitabu cha Nyimbo

Mpaka leo naisikia ile kalamu. Kwii, kwii. Ilikuwa kalamu nene nyekundu, ya kuandikia maboksi, na nesi wa zahanati ya kwanza niliyokwenda aliipitisha juu ya kadi yangu ya kliniki huku akiongea na mwenzake habari za sare za harusi. Aliandika KOVU. Akapiga mstari chini yake, kwii, akaona hautoshi, akapiga wa pili. Kisha akanirudishia kadi bila kuniangalia usoni, akasema nikifikisha miezi minane niende hospitali kubwa nikapangiwe siku ya kupasuliwa.

Nilikuwa na mimba ya miezi mitano. Nilikuwa nimevaa gauni nililojishonea mwenyewe, lenye marinda kifuani, na njia nzima kutoka nyumbani nilikuwa nalipanga swali langu lisionekane la kijinga: mtu aliyepasuliwa mtoto wa kwanza anaweza kujifungua mwenyewe wa pili? Sikuuliza. Kwa yule nesi mimi nilikuwa boksi, na boksi likishaandikwa halina swali.

Mimi ni fundi cherehani, hapa Chapwa. Nashonea barazani, cherehani cha kukanyaga kwa miguu, na barabarani mbele yangu malori yamejipanga yakisubiri kuvuka mpaka. Shule niliishia kidato cha pili, lakini ndoto sikuwahi kuishia popote. Naota duka lenye mlango wa kioo na masanamu mawili yamevaa magauni yangu, na wateja wa upande wa Zambia wanavuka makusudi, wananiita bamayo, yaani mama kwa lugha yao, wanataka kushonewa na mimi tu. Naota watoto wanne. Mume wangu, ambaye kazi yake ni kufunga maturubai ya malori, husema hao wanne nitawaweka wapi, maana hata masanamu mawili hayana pa kukaa.

Basi mtu mwenye ndoto kama zangu akipasuliwa, anapasuliwa na mipango yake. Mtoto wa kwanza, miezi miwili sikukanyaga cherehani. Mwanangu nilikuwa nawekewa mapajani kama kifurushi cha posta, akinyonya anachukuliwa tena, nabaki naangalia dari. Na nilishaambiwa kila kisu kinapunguza hesabu ya watoto. Siyo kwamba nilikuwa naringa au namdharau aliyepasuliwa. Nilitaka tu huyu wa pili nimwinue mwenyewe, kwa mikono yangu, siku ileile.

Nikaenda kwa daktari wa kliniki binafsi. Huyo nilimsikia sifa zake kabla sijamwona, na sifa zenyewe zilikuwa kwamba ana televisheni kubwa mapokezi. Kweli alikuwa nayo. Nilipoingia ofisini kwake alikuwa ameshaiweka kalenda ya mezani karibu na mkono, kama mwenye ukumbi anayesubiri watu wa harusi. Nikamuuliza swali langu. Hakushika kadi wala tumbo. Aliinama kidogo, akatazama miguu yangu chini ya meza.

"Unavaa kiatu namba ngapi?"

Nikasema thelathini na sita. Akatikisa kichwa kwa huzuni kama ameletewa majibu ya maabara. Akasema mguu mdogo, nyonga ndogo, ndiyo maana mara ya kwanza nilipasuliwa, na hata nikirudia mara kumi itakuwa vilevile. Kisha akavuta kalenda akaniuliza napenda Jumanne au Alhamisi. Mtu amesoma miaka yote ile, serikali imemwamini, wazazi wake wameuza mazao, halafu anapima nyonga zangu kwa ndala. Nilitoka nikiwa nacheka. Nilipofika kwenye malori nikaanza kulia, nikapita kati ya malori mawili nisionekane.

Nyumbani nako kila mtu alikuwa daktari. Jirani yangu wa genge aliniambia nitapasuka kama tairi la lori. Nikamuuliza amemwona nani aliyepasuka hivyo. Akasema hajamwona, ila amesikia, na aliyemwambia naye alikuwa amesikia. Maarifa yote hayo yanatembea barabarani bila hata mtu mmoja aliyeona kitu.

Aliyeona nilimpata akiwa amenyoosha mikono juu, barazani kwangu, nikimpima kiuno. Alikuwa mama mtu mzima, mkunga wa miaka mingi aliyekaribia kustaafu, amekuja nimpanulie sare yake nyeupe. Nilishamwona akipita pale mara mbili tatu kabla, nikadhani ni mkali. Siku hiyo, sijui ni nini, labda kwa sababu mtu aliyeinua mikono hatishi, nikamuuliza lile swali.

Yeye aliuliza: "Ulipasuliwa kwa nini?"

Nikamwambia nyonga ndogo. Akauliza nani alisema. Hapo nikasimama na futi yangu mkononi nikitafuta aliyesema, na niliyempata ni yule wa viatu tu. Siku ya upasuaji wenyewe nilikuwa nalia, maelezo alipewa mama mkwe wangu. Miaka mitatu nimebeba kovu, na sikuwahi kuuliza limetoka wapi. Nimewadharau wengi katika habari hii, na hapo nilijidharau kidogo na mimi.

Mkunga akashusha mikono, akakaa kwenye stuli ya wateja. Akaniuliza karatasi niliyopewa siku ya kuruhusiwa hospitali iko wapi, ile nene yenye maelezo ya upasuaji. Akasema kovu la ngozi halimwambii mtu kitu, linalotakiwa kujulikana ni la kwenye kizazi: limekatwa kulala au kusimama, na limeshonwaje. Nikamwelewa palepale. Gauni likiwa na bitana, huwezi kusimama mlangoni ukajua bitana limeshonwaje. Unaligeuza. Yule nesi na yule daktari hawakuwahi kuligeuza gauni.

"Kalete karatasi," akasema. "Bila hiyo siwezi kukuahidi kitu, mwanangu, na anayekuahidi mkimbie."

Karatasi ilikuwa Ihanda, kwa mama mkwe, maana mtoto wa kwanza kwetu huzaliwa kwa kina mume na nilikaa kule mpaka nilipopona. Nikafunga safari Jumamosi. Mama mkwe wangu ni mwanamke wa kahawa na kanisa, ana mikono migumu na moyo laini, na vitu vyake vyote viko kwenye sanduku moja la bati. Tulilitoa sanduku nje, tukamwaga kila kitu juani kwenye mkeka. Vyeti vya ubatizo, picha za marehemu, kadi za michango, mbegu za maboga. Karatasi hakuna. Akaapa aliiweka mahali pazuri. Tukainua magodoro. Jioni nikalala nimekata tamaa.

Kesho yake tukaenda kanisani. Yeye ni wa kwaya, anasimama mbele, mimi nilikaa benchi la tatu na mtoto wangu. Wakainua vitabu vya nyimbo. Na pale, kwenye mgongo wa kitabu cha mama mkwe wangu, kilichoinuliwa juu kama anawaonyesha watu, nikaona jina langu. Chini yake, umri: miaka ishirini na moja. Chini yake, kwa mwandiko wa daktari, mambo yangu ya ndani kabisa, yakipanda na kushuka kwa kufuata sauti ya pili.

Alikuwa ameigeuza jalada.

Wimbo ulikuwa na beti tano. Sitasahau hizo beti tano. Mzee wa kanisa aliyekaa benchi la mbele macho yake yalikuwa palepale. Nikahesabu Jumapili za miaka mitatu na kuelewa kwamba Ihanda nzima inakijua kizazi changu, isipokuwa mimi.

Baada ya ibada nilimshika mkono, nikamwonyesha. Hakuona tatizo.

"Kumbe niliiweka huku! Karatasi ngumu ile, mwanangu. Nzuri. Ningeiachaje ilale tu kwenye sanduku?"

"Mama, wameisoma wote."

"Nani asome mwandiko wa daktari?" Kisha akakiangalia kitabu, na uso wake ukabadilika. "Lakini nilikwambia mimi. Mtoto alikuwa ametanguliza makalio, alikataa kugeuka. Nilikwambia siku ileile."

"Siku ileile nilikuwa nalia, mama."

"Ulikuwa unalia," akakubali.

Alikuwa amelibandika jalada kwa uji wa unga wa sembe, na uji wa sembe ukikauka ni simenti. Nilikaa jikoni na kisu kidogo cha kufumulia nyuzi, nikalitoa taratibu, kona kwa kona. Yeye alisimama nyuma yangu akinimulika kwa simu. Kitabu kikabaki uchi, gamba lake la zamani limechakaa. Akakikumbatia kama kuku aliyenyonyolewa.

Mkunga aliisoma karatasi amesimama barazani kwangu, pande zote mbili, hata penye madoa ya uji. Mtoto alitanguliza makalio. Kizazi kilikatwa chini, kulala. Hakuna tatizo lililotokea. Hakuna neno nyonga popote. Akasema ni habari njema ila si ahadi. Akasema nitajifungulia hospitali yenye chumba cha upasuaji, siyo zahanati wala nyumbani, na atanipeleka kwa daktari mmoja wa pale anayesoma. Alivyosema "anayesoma" niliona kumbe na yeye ana dharau zake.

"Mambo yakigeuka, utapasuliwa," akasema. "Na hutanichukia."

"Sitakuchukia."

Yule daktari aliisoma karatasi, akaniangalia usoni, akanipima tumbo, akasema tutajaribu. Ilikuwa kama muda wa kunywa chai. Miezi mitatu nimezungushwa na kalamu na kalenda, na kazi yenyewe ni ya chai moja. Sijui wenzake wanaona tabu gani kusoma. Karatasi haiumi.

Uchungu ulianza alfajiri, nikiwa nimeshafikisha miezi yangu. Mume wangu alitafuta bajaji, tukafika kumekucha. Mapokezi ya leba alikuwepo nesi kijana, akapokea kadi, akaona nyekundu, akageuka kumwambia mwenzake andaa wa thieta. Hakunisalimia hata. Nikainama juu ya meza yake kwa maumivu nikiwaza ndoto zangu zote zinaishia kwenye neno moja lenye mistari miwili.

Nyuma yangu nikasikia sauti ninayoijua. Mume wangu alikuwa amempigia mkunga simu; zamu haikuwa yake, alikuja na kikapu chake na sare yake niliyoipanua mimi. Hakupandisha sauti.

"Fungua ndani usome, mwanangu."

Nesi akafungua. Karatasi yangu ilikuwa humo, imekunjwa, inanukia sembe. Akasoma. Akaniangalia kwa mara ya kwanza, akaniambia pole mama, njoo huku.

Siku nzima mkunga alikuwa karibu. Alisikiliza moyo wa mtoto kwa kile kipembe chake, kila baada ya muda mfupi, akiinama na kufumba macho. Daktari alipita mara tatu. Sikupewa maneno matamu, na sikuyataka. Saa tisa alasiri nikajifungua binti, mwenyewe, na miguu yangu ya namba thelathini na sita. Nilipoambiwa nimpokee nilinyoosha mikono nikamwinua. Hakuna aliyeniwekea.

Mama mkwe alikuja kutoka Ihanda kunikanda na kumwogesha mtoto. Kwenye mfuko wake kilikuwemo kitabu cha nyimbo, bado kiko uchi, kona zimekunjamana. Hakukilalamikia. Alikitazama tu kila akikitoa, kisha akakirudisha.

Siku ya kumi alikwenda gengeni na mjukuu wake mkubwa. Mume wangu alikuwa kwenye malori. Mtoto alikuwa amelala. Nilikitoa kitabu mfukoni, nikakipima kwa futi. Nikachagua kipande cha kitenge cha bluu, kilichobaki kwenye gauni la bibi harusi wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na bitana la rangi hiyohiyo. Nikakaa kwenye cherehani, nikaweka miguu, nikakanyaga. Haikuuma. Nikashona pande nne, nikakigeuza nione ndani, nikarudia kona moja iliyokwenda upande. Nikakivalisha kitabu, nikakirudisha mfukoni kama kilivyokuwa, nikaokota vipande vya nyuzi sakafuni.