Kwa Miguu Kutoka Mutanga Sud

Fundi Anouar hakuweza kupita karibu na gari lililosimama bila kulipiga teke gurudumu. Teke dogo, la kusikiliza tu kama upepo upo. Aliyapiga ya teksi, aliyapiga ya mapadri, na siku moja huko Rohero alipiga la waziri. Dereva akatoka akimtukana, naye akamjibu kwa upole kwamba la nyuma kushoto linahitaji pampu. Miaka thelathini alitengeneza magari Buyenzi, hakuacha.

Kwa hiyo Saliha alidhani kwamba asubuhi ile ya mwaka 1995 fundi ndiye angekuwa wa kwanza kutaka gari.

Saliha alikuwa karani wa chuo kikuu, akikaa Mutanga Sud, mtaa wa juu mlimani. Mama yake, Zubeda, aliletwa kwake kuuguzwa, akafariki alfajiri. Ilibidi azikwe siku hiyohiyo, kando ya mumewe, na watu wa mtaa wake wa Buyenzi. Lakini nchi ilikuwa vitani, na siku ile ilikuwa ville morte, mgomo wa jiji zima: maduka yamefungwa, vijana wamepanga mawe barabarani, na mwenye kuwasha gari amewatukana. Anouar, jirani wa Zubeda tangu zamani, alipanda kwa miguu na wanaume kumi na mmoja, jeneza tupu la msikiti mabegani.

Callixte, jirani wa Saliha, akaleta pikapu yake.

"Fundi, tumia hii. Nitafunga kitambaa cheupe mbele."

Anouar alipiga gurudumu teke. "Iko muzuri, Callixte. Ndiyo sababu watavunja kioo."

"Hata wakiona maiti?"

"Gari wanatupa jiwe kwanza, kisha wanaangalia. Mutu akibebwa na watu, wanaangalia kwanza."

Saliha alisikiliza akiwa mlangoni. Kwa gari, angekaa nyuma na mama yake mpaka Buyenzi. Kwa miguu, wanaume wangemchukua, na kwa desturi yao mwanamke hafuati jeneza. Angemuaga hapo, kizingitini.

"Mi nataka gari, Baba Anouar."

"Najua sababu unaitaka, mwanangu. Lakini leo mi niko na kazi moja: mama afike."

Wakamwinua. Saliha alisimama barazani, majirani wakimshika mikono, mpaka jeneza lilipokata kona. Kisha akajitoa mikononi mwao, akakaza kitenge, akafuata.

Alikwenda hatua hamsini nyuma yao. Hakuna aliyegeuka, au walijifanya hawamwoni. Walipofika Rohero, mbele ya benki zilizofungwa, wanaume wawili wasiojulikana walitoka kwenye lango, wakapokea jeneza mabegani, wakabeba hatua chache, wakalirudisha. Mmoja alikuwa na msalaba shingoni. Saliha alianza kuamini kwamba fundi alikuwa sahihi.

Chini, karibu na Buyenzi, wakasimamishwa kwenye kizuizi cha mawe.

"Wekeni chini," alisema kijana mrefu mwenye kofia. "Watu wanapitisha bunduki humo. Fungueni."

"Ni mwanamuke," alisema Anouar.

"Basi tumuone huyo mwanamuke."

Wanaume kumi na wawili wakashusha jeneza. Hakuna hata mmoja aliyekuwa ndugu wa Zubeda. Hakuna ambaye dini ingemruhusu kugusa sanda yake. Nyuma ya kijana yule mawe yalikuwa yameshaokotwa. Ndipo Anouar alipogeuka kwa mara ya kwanza na kutazama nyuma, mbali, barabarani. Alikuwa na uso wa mtu aliyehesabu kila kitu akasahau kimoja.

"Saliha," aliita. "Njoo, mwanangu."

Alikuja. "Mi ni mutoto wake," akamwambia kijana. "Utaona wewe peke yako."

Akafungua fundo la kichwani, akafunua uso. Kijana alitazama muda wa pumzi moja, akavua kofia.

"Funika, mama."

Kisha akayasogeza mawe kwa mguu wake mwenyewe. Zubeda alizikwa kabla ya magharibi.

Miaka ikapita, vita havikuisha, na Saliha aliirudia njia ile mara nyingi kichwani. Kuhusu gari, fundi alikuwa sahihi. Lile lingine, la yeye kufuata jeneza, hawakulizungumza kamwe.

Mwaka 2001 Anouar aliugua mapafu. Saliha alikwenda kumwona Ijumaa moja na maziwa ya mtindi. Alipoinama kuvaa viatu aondoke, mgonjwa akamwita kwa jina.

"Siku yangu ikifika," alisema, "we usibaki nyumbani."