Injenieri, Panda na Weye

Majina yao siandiki. Si juu ya woga, woga uliniisha ile siku pamoja na mufupa wa muguu. Siandiki juu wako na watoto, na watoto hawana kosa lolote. Lakini vyeo vyao nitavitaja wazi. Wa kwanza ni direkta wa kampuni moja pale bandarini Kalemie. Wa pili ni mukubwa wa animasyo. Wa tatu ni injenieri wa mashini, na huyu njo ninamukasirikia kupita wote, juu wale wawili walikuwa wajinga, yeye alijua.

Mimi nilikuwa mupishi wa kampuni. Asubuhi nilipeleka chai kwa biro za wakubwa, saa sita niliwapikia wafanyakazi bukari, ule ugali wetu, na ndagala, samaki wadogo wa ziwa. Masomo niliachia primaire ya tatu, siku baba alipoona heri mutoto anayeanika samaki kuliko mutoto anayekariri mito ya Ulaya. Sikusoma mashini. Hata kinu cha jikoni kiliponishinda nilikipiga teke.

Kwa ninyi muliozaliwa nyuma yetu, animasyo ilikuwa hivi. Wakati wa Zaire kila kampuni, kila shule, ilikuwa na kundi la kuimbia Parti, kile chama kimoja cha nchi, na kucheza. Mugeni akishuka kwenye treni, munacheza. Akipanda boti ya kwenda Moba, munacheza tena, juu anaondoka. Mukikataa, bwana wako anaitwa biro kuulizwa kama nyumbani kwake kuna adui wa taifa. Bwana wangu alikuwa wa reli, muntu mupole, hangejua hata kujibu. Kwa hiyo nilicheza. Tena nilicheza vizuri, nisijifiche, na nilikuwa mimi ninayeanzisha nyimbo.

Muanzishaji alikuwa na haki moja tu, lakini haki hiyo ilikuwa tamu. Katikati ya wimbo aliweza kumuita mukubwa yeyote kwa cheo chake aje kucheza, na ngoma hazinyamazi mpaka amekuja. Mukubwa anayekataa amekataa Parti. Niliwahi kumuita musimamizi wa depo aliyenipunguzia sukari, akaja na goti lake bovu, akakata kiuno mbele ya watu mpaka nilipoona imetosha. Kesho yake sukari ilijaa.

Sasa, pale bandarini kulikuwa winchi ya zamani za Wabelgiji, ya kunyanyua mizigo kutoka kwenye boti. Ilikuwa inalia ikipanda na kulia ikishuka. Siku moja tukasikia Komisere, mukubwa wa serikali wa eneo lote, anakuja. Mukubwa wa animasyo, kijana mwenye abakosi, lile koti la watu wa Parti, iliyobana tumbo, akapata wazo usingizini. Alitueleza mwenyewe macho yakimeta: "Munajua nitafanya nini? Nitawapandisha! Muko juu ya jukwaa, winchi inawainua, munaimba angani kama malaika!"

Mwenzangu wa jikoni akamuuliza, "Malaika wana mabawa, situayen. Siye tuko na nini?" Siku zile hatukusema "bwana", tulisema situayen, raia.

"Muko na Parti," akasema.

Asubuhi iliyofuata nilipeleka chai kwa direkta. Injenieri alikuwa ndani amesimama, kofia mukononi. Huyu alikuwa muntu muzuri kutazama, diploma yake ameitundika ukutani kwa biro yake, kubwa kuliko dirisha. Sikugonga kwa nguvu juu mikono ilikuwa na sinia. Njo maana nilisikia.

"Freni imekwisha, direkta," alikuwa anasema. "Njo inayoshika muzigo usishuke wenyewe. Ndani yake kumelika kote. Hata mbuzi siwezi kuipandisha."

"Nani amekuambia tunapandisha mbuzi? Tunapandisha wanamuke."

"Direkta..."

"Komisere amekwisha kuambiwa. Nitamujibu nini? Kwamba injenieri wangu anaogopa chuma? Weye uko muntu wa Parti ao hapana?"

Injenieri aliangalia kofia yake. Mimi nilisimama na sinia, chai inapoa, nikimungojea. Kwa moyo wangu nilikuwa ninamusukuma: sema hapana, Papa, sema tu. Ni neno fupi.

"Kama ni kwa wakati kidogo," akasema, "ni nzuri."

"Iko nzuri?"

"Ni nzuri."

Direkta akaniona. "Mama, umesahau kijiko."

Nilikwenda kwa mukubwa wa animasyo, nikamuambia yote. Alinitazama toka kitambaa cha kichwa mpaka kandambili. "Mama, weye mashini ulisomea wapi? Katika sufuria?" Akaniambia anayeogopa kupanda alete jina la bwana wake.

Basi tukakaa siye wanamuke nyuma ya jiko, tunachambua ndagala, tunafikiri. Mumoja alitaka kusema yuko na mimba. Mwengine akamujibu wote hatuwezi kuwa na mimba siku moja, watauliza baba ni nani. Tukacheka, lakini ilikuwa cheko ya watu wanaohesabu watoto wao mumoja mumoja kichwani. Kisha mwenzangu wa jikoni akaacha ndagala mukononi, akaniangalia.

"Si weye njo unaita watu?"

Nilianza tu kuimba polepole, "Injenieri, panda na weye," na wote wakaitikia.

Siku ya Komisere bandari ilifagiliwa kwa salongo, ile kazi ya lazima ya watu wote, mpaka mavumbi yakakimbilia ziwani. Jukwaa la mbao lilifungwa minyororo kila pembe, likavalishwa vitenge vya kijani na makuti. Katikati waliweka kiti cha salo ya nyumbani kwa direkta, cha velure nyekundu, kitambaa laini, na juu ya kiti wakasimamisha mwenge wa karatasi, alama ya Parti. Hata umeme wa maporomoko ya Bendera, unaokatika kila ukichemsha maji, siku ile ulisimama imara kama askari. Nilikuwa nimeutegemea ukatike. Haukukatika.

Tukapanda jukwaani. Komisere amekaa kivulini, direkta kando yake, injenieri kwenye miguu ya winchi anajifanya anaangalia kamba ya chuma. Ngoma zikalia. Mukubwa wa animasyo akainua mukono ili winchi ivute, na mimi nikaufungua muwito kabla hajaushusha.

"Injenieri, panda na weye! Aliyesema ni nzuri, panda na weye!"

Wanamuke wakaitikia, wapiga ngoma wakaitikia, na wafanyakazi wote waliokuwa juu ya mabehewa wakaitikia. Komisere akapiga makofi. Alipenda. Injenieri alitazama nyuma yake, kama kuna injenieri mwengine.

Alikuja. Alitembea kama muntu anayeingia ziwani asubuhi ya baridi, akaweka muguu mumoja jukwaani, mwengine akauacha chini. Jasho lilimutoka chini ya kofia. Nilicheza mbele yake nikitikisa mabega, nikamuinamia sikioni.

"Papa injenieri, ni nzuri ao si nzuri?"

"Mama, usinifanye hivi."

"Ninauliza tu."

"Watu wananiangalia."

"Siye pia tunakuangalia. Ni nzuri?"

Angesema pale. Ngoma zingenyamaza, Komisere angesikia, mambo yangekwisha. Lakini injenieri wetu alishika tumbo kwa mikono miwili, akapiga kelele, "Tumbo! Samahani, tumbo!" na akakimbia mbio kwenda choo cha nyuma ya depo. Watu walicheka mpaka mumoja akaanguka kutoka juu ya behewa. Komisere alipangusa machozi.

Sikumupa nafasi ya kupumua. "Direkta, panda na weye! Bwana wa kiti, panda na weye!"

Direkta alikuwa ameona ni nani amekimbia. Akainuka nusu, akakaa. "Mimi ninabaki na mugeni."

"Nenda, situayen," akasema Komisere, "mimi sitapotea."

"Niko na kizunguzungu, situayen Komisere. Toka utoto."

Komisere hakuwa mujinga. Aliangalia choo, akaangalia direkta, akaangalia winchi. "Wakubwa wote ni wagonjwa," akasema. "Basi wanamuke nao washuke."

Tulishuka! Mwenzangu wa jikoni alinibana mbavu mpaka nikaumia. Kama ningeandika kwa ajili ya kufurahisha, ningeachia hapa.

Mukubwa wa animasyo aliona wazo lake linakufa mbele ya mugeni. "Basi mwenge upande peke yake!" akapaza sauti. "Wanamuke, zungukeni chini, muuimbie!"

Muendesha winchi akatoa kichwa dirishani. "Injenieri anasema nini?"

"Injenieri yuko chooni."

"Basi tumungoje."

"Mugeni hangoji choo! Vuta!"

Akavuta. Jukwaa likapanda, kiti chekundu kimekaa kama mufalme, mwenge unapepea na upepo wa ziwa. Siye tunazunguka chini, tunaimba, tena kwa furaha ya kweli, juu hatukuwa kule. Nilifikiri, kumbe tulikuwa waoga bure. Kisha nikasikia winchi imeacha kulia. Ilikuwa haijawahi kuacha kulia. Nikainua macho, na lile jukwaa lilikuwa linakuja.

Wenzangu waliruka. Na mimi niliruka, lakini ubao wa pembe ulivunjika, ukaniwahi chini ya goti. Kiti cha direkta kilikuwa vipande vya velure kila mahali. Niliambiwa nilianguka ningali ninaimba. Ninasadiki, juu wimbo ule sijauacha mpaka leo.

Mambo yalitengenezwa haraka. Direkta alisema winchi imeharibiwa na wanamuke waliotikisa jukwaa wakicheza. Mukubwa wa animasyo aliniletea kitenge cha Parti hospitalini, akanipa pole kwa niaba ya taifa. Injenieri hakusema kitu mbele ya muntu yeyote.

Lakini alikuja. Alikuja na mukate na machungwa, akakaa pembeni ya kitanda changu, vitanda vyote vya wanamuke vikanyamaza ili visikie.

"Mama," akasema, "mimi niliwaambia."

"Ulimuambia nani?"

"Direkta. Nilimuambia freni imekwisha."

"Mulango ukiwa umefungwa, Papa. Siye tulikuwa inje. Kama si chai, ningejuaje?"

"Angenifukuza."

"Ungefukuzwa kwa miguu miwili."

Mwanamuke wa kitanda cha pili alikohoa ili asicheke. Injenieri akauliza anifanyie nini. Nilimutazama mikono. Ilikuwa mikono mizuri, yenye mafuta kwenye kucha. Nikamuambia dokta amesema nitatembea na fimbo ya kwapani, na hospitali haina.

Alirudi nayo. Alikuwa ameitengeneza mwenyewe kwa atelye, karakana ya kampuni, kwa bomba la chuma, juu yake ngozi, chini yake mupira wa tairi. Ilimeta. Akaninyoshea.

"Jaribu, Mama. Ni nzuri."

Neno lile! Nilirudisha mikono chini ya shuka.

"Hapana, Papa. Anza weye."

"Mimi si mugonjwa."

"Na mimi sikuwa."

Yule wa kitanda cha pili, ambaye malaria ilikuwa imemulaza asiweze kuinua kichwa, alianza kupiga makofi. "Injenieri, panda na weye," akaimba kwa sauti nyembamba, na chumba kizima kikaitikia, mpaka mama aliyejifungua asubuhi. Hakukuwa ngoma, hakukuwa Parti, hakuna ambaye angemufukuza. Alivua kofia. Akaiweka fimbo kwapani, akakunja muguu mumoja, akaenda hivyo, kipande kwa kipande, kutoka kitandani kwangu mpaka mulangoni, siye tunamuimbia.

Mulangoni alisimama. Aliinua fimbo, akaitikisa karibu na sikio, akaiegemea tena kwa uzito wake wote. Kitu kililia kidogo ndani.

"Hapana," akasema mbele ya watu wote. "Si nzuri. Ninairudisha."

Lile neno "hapana" lilitoka jepesi vile! Niligeukia ukuta ili asione uso wangu, juu nilikuwa ninalia kwa hasira.

Aliporudi tena hakungoja wimbo. Alitembea nayo mwenyewe, mulangoni na kurudi, kisha akaniwekea mukononi bila kusema kama ni nzuri ao si nzuri. Akabaki amesimama.

"Mama, umenisamehe?"

Nilipapasa lile bomba juu mpaka chini. Halikuwa na kasoro, na hilo njo liliniuma zaidi.

"Zunguka nayo mara moja tena, Papa," nikamuambia, nikamurudishia. "Sijaona vizuri."

Akazunguka.