Kicheko Nilichokisikia Gerezani

Kikundi chetu cha akina mama wa msikitini, hapa Magogoni, kilikuwa na desturi ya kuwapikia futari mayatima na wagonjwa kila Ramadhani. Mwaka ule mwenyekiti wetu akasema, "Na wafungwa nao hufunga. Au wale si Waislamu?" Yeye mwenyewe aliwahi kuwa na mtoto ndani, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kumpinga. Nami sikumpinga. Nilipewa kazi ya viazi vya nazi, nikavipika kwa moyo mkunjufu, nikaamini napata thawabu.

Kama ningejua kwamba yule kijana yumo mle, wallahi nisingekwenda.

Yule kijana ndiye aliyemkata ndugu yangu. Ndugu yangu ni mdogo wangu wa tumbo moja. Alikuwa na kibanda cha gemu huko Ziwa la Ng'ombe, chumba kimoja cha mabati chenye mabenchi, televisheni kubwa na mashine ambayo vijana huchezea mpira. Wakitoka shule walijaa mle mpaka wengine wakasimama mlangoni. Mamangu hakuipenda kazi ile, akiiona ni mchezo wa watoto, lakini ndugu yangu aliipenda kama mtu anavyopenda shamba lake. Aliwajua wote kwa majina. Aliyekuja na sare za shule wakati wa masomo alimfukuza. Aliyetukana alimtoa nje.

Jioni moja, watu wakitoka kuswali magharibi, kundi la vijana wenye mapanga likashuka na kichochoro kile likimkata kila aliyekuwa njiani. Hawakuwa wakitafuta mtu. Ndugu yangu alikuwa akifunga mlango wa kibanda. Alipogeuka alimwona mbele yake kijana aliyekuwa mteja wake tangu akiwa shule ya msingi, akamwita kwa jina. Alidhani jina litamwokoa. Yule kijana akamtazama, akainua panga, akapiga. Ndugu yangu alikinga kichwa kwa mkono wa kulia. Vidole viwili vilikwenda pale pale, na vilivyobaki havikunji mpaka leo.

Kijana alishikwa na majirani, polisi wakamwahi kabla hajauawa, kesi ikaenda, akafungwa. Baadaye tulisikia kwamba amehamishwa gereza la bara. Mamangu alisema, "Na bara wakae naye." Tukaacha kumtaja.

Kibanda hakikufunguliwa tena. Ile televisheni na mashine yake vilikaa chumbani kwa ndugu yangu, vimefunikwa shuka, kisha siku moja nikarudi kutoka kazini nikakuta havipo. Ndugu yangu akasema amemuuzia mtu wa Changamwe. Sikuuliza zaidi.

Basi siku ile ya futari tulifika gerezani baada ya alasiri na masufuria yetu. Tulipekuliwa, tukaandikwa, tukaongozwa na afisa wa maslahi ya wafungwa, mtu mpole mwenye alama ya sijda kwenye kipaji cha uso. Alitupitisha kwenye ua, akatuambia tusubiri kidogo nje ya ukumbi mmoja mpaka chumba cha kugawia chakula kifunguliwe.

Kutoka ukumbini nikasikia kelele za mpira. Si mpira wa kweli. Nilizijua kelele zile kwa miaka: umati unaonguruma ndani ya mashine, na vijana wanaonguruma nje yake. Nikadhani masikio yangu yanadanganya. Nikasogea mlangoni.

Walikuwa wafungwa wengi, wamekaa chini kwenye sakafu, wote wamevaa zile nguo za mistari. Wawili walikuwa mbele kwenye benchi na padi za kuchezea mikononi, wakicheza. Mmoja akafunga goli. Akaruka, akarudisha kichwa nyuma, akacheka kicheko kikubwa kilichojaa ukumbi. Alipogeuka kuwatazama wenzake, nikamwona uso.

Alikuwa yeye.

Nilishika mwimo wa mlango. Nilitaka kupiga kelele lakini mdomo ulikauka, na haukukauka kwa saumu. Nilichoweza ni kutazama tu, na katika kutazama kule macho yangu yakaenda kwenye ile televisheni. Pembeni, upande wa chini, kulikuwa na mstari mwekundu. Rangi ya kucha. Rangi yangu mimi! Siku moja mteja aligonga kioo kikapata ufa, ndugu yangu akaja kwangu akaomba chupa yangu ya rangi ya kucha, akauziba ufa usiendelee.

Mwenyekiti akanikuta pale. "Una nini? Mbona umeshika mlango?"

"Mama," nikamwambia, "yule anayecheka ndiye aliyemkata ndugu yangu. Na ile tivii ni ya ndugu yangu."

Alimtazama kijana, akaitazama televisheni, akanishika mkono akanitoa nje. Viazi vyangu walivigawa wengine.

Tulipokuwa tukirudi, wenzetu ndani ya gari walibishana njia nzima. Mmoja alisema jela siku hizi imekuwa hoteli, watu wanapewa gemu, kesho watapewa na nini. "Mtu ameua, ameiba, ameharibu, halafu anakaa anacheza mpira? Adhabu iko wapi?" Tukakaribia Mishomoroni. Ndipo mwenyekiti akasema taratibu, "Mwanangu alikaa ndani na hakuwa na chochote cha kufanya. Wanaume wazima walimfundisha kufungua kufuli. Aliporudi nyumbani ndicho alichojua." Kisha akanigeukia. "Lakini wewe sikulaumu, mwanangu. Wewe una haki ya kukasirika." Nilikuwa nimekasirika, ndiyo, ila zaidi ya hasira nilikuwa nimepigwa na butwaa. Sikuweza kuyaunganisha: uso ule, kicheko kile, na rangi yangu ya kucha.

Nyumbani nilimngoja ndugu yangu arudi kutoka tarawehe. Mamangu alikuwa ameketi akichambua mchele wa daku.

"Tivii ulimuuzia nani?" nikamuuliza.

"Sikuuza," akasema. "Nilitoa. Yule afisa wa gereza huswali nasi. Alisema vijana wa ndani hawana kitu. Nami ilikuwa ikiniuma kila nikiitazama. Sikutaka kumuuzia mtu, sikutaka kuitupa."

Mamangu akasukuma ungo pembeni. "Umewapa wafungwa?"

"Mama, yule hayupo pale. Yule yuko bara."

Ikabidi nimwambie. Sikujua namna ya kulipunguza jambo lenyewe, nikalisema kama lilivyo. "Amerudishwa. Nimemwona leo. Alikuwa akicheza."

Mamangu alipiga ukelele kama aliyeletewa habari ya msiba. "Yee yuwacheza, na wangu mwana hawezi kufunga kifungo cha shati! Yuwacheza kwa tivii yetu! Kesho asubuhi kaitwae! Kaitwae uivunje kwa nyundo mbele yake!"

Ndugu yangu alikaa kitako sakafuni, mgongo ukutani. Uso wake ulikuwa hauna kitu. Nilidhani atalia, au atainuka avunje vyombo. Akaniuliza, "Alikuwa akishinda?"

"Nini?"

"Mchezo. Alikuwa akishinda au akishindwa?"

Nilimtazama nikidhani akili imemruka. "Alifunga goli," nikasema.

Akatikisa kichwa. "Alikuwa hajui kufunga. Kila siku akipiga juu."

Mamangu aliinuka akaingia chumbani, na hakula daku nasi usiku ule.

Idi ilipopita ndugu yangu alikwenda kwa yule afisa akamweleza mambo yote. Afisa naye alishtuka. Hakujua kwamba kijana yule ndiye. Akasema, "Ukitaka tivii yako, nitakurudishia leo hii. Ukitaka kumwona, nitauliza kama mwenyewe atakubali." Ndugu yangu akataka kumwona. Mimi nikasema haendi peke yake. Kusema kweli nilikwenda kwa sababu nilitaka kumwona yule kijana bila kicheko chake.

Tuliwekwa kwenye chumba chenye meza na viti vinne, askari akasimama mlangoni. Kijana aliletwa. Kwa karibu alikuwa mwembamba kuliko nilivyomkumbuka mahakamani, na ndevu zilikuwa zimeanza kumwota.

"Shikamoo, kaka," akasema. Akanigeukia. "Shikamoo, dada."

Mimi sikuitika. Ndugu yangu naye hakuitika. Aliuweka mkono wake wa kulia juu ya meza.

"Siku ile ulinijua?" akamuuliza.

"Nilikujua."

"Ulisikia nikikuita?"

"Nilisikia."

"Na ukapiga."

Kijana aliutazama ule mkono. "Wenzangu walikuwa nyuma yangu, kaka. Ningeacha…"

"Sikukuuliza kwa nini."

Nje mtu alikuwa akifagia, na kila mfagio ulipokwaruza sakafu niliusikia kwenye meno yangu. Kisha ndugu yangu akamuuliza kama anajua ile televisheni imetoka wapi.

"Niliijua siku ileile ilipoletwa. Kwa ule wekundu," kijana akasema. "Nikajua wewe ndiye umeileta. Nikasema, ameileta ili nimwone kila siku. Nikakataa kuingia ukumbini."

"Halafu?"

"Halafu nikaingia." Alilisema hilo kwa sauti ndogo lakini hakuinamisha kichwa. "Nilikuwa nikisikia wenzangu wakicheza, nikashindwa kuvumilia. Nilitamani tu kucheza, kaka."

Hapo ndipo nilipotaka kuinuka. Nilingoja majuto na machozi, hata uongo wa kutaka kusamehewa ningeupokea. Sikungoja kuambiwa kwamba alitamani kucheza. Nikamwangalia ndugu yangu nikitegemea ataona nilichoona. Yeye alikuwa akimtazama kijana kwa makini, jinsi alivyokuwa akiwatazama wateja wake zamani walipokuja kumlalamikia kwamba mashine imewaibia goli.

Kijana akauliza, "Kaka, waweza kushika padi?"

Nikasema, "Astaghfirullah!" Askari akageuka. Nikamwambia kijana, "Huna haya? Wamuuliza nini?"

Ndugu yangu akaninyamazisha kwa mkono wa kushoto. "Siwezi," akamjibu.

"Kuna mzee mmoja hapa hana vidole vya mkono mmoja. Vilikatwa na mashine kiwandani." Kijana alisogeza kiti. Akaonyesha kwa mikono yake mitupu. "Yeye haishiki. Huiweka pajani hivi, ikalala. Mkono mzima unafanya kazi ya huku na huku, na ule mbovu unakandamiza tu, kwa kigutu. Mwanzo inateleza. Anafunga kitambaa. Hutufunga sisi sote."

Na ndugu yangu, mwenye mkono ule ule, akauweka pajani mwake. Akaukandamiza. "Hivi?"

"Zaidi kwa ndani."

Niliwatazama watu wawili wale wakiinamia padi ambayo haikuwepo. Kama mtu angeingia wakati ule asingejua nani alimkata nani. Sijawahi kuona jambo lililonitisha namna ile, na sijui hadi leo kama lililonitisha lilikuwa baya au zuri.

Muda ulipokwisha, ndugu yangu aliinuka. "Sijakusamehe," akasema.

"Najua, kaka."

"Na tivii siitwai."

Machozi yakamtoka kijana wakati huo, wala hakuyafuta. Askari akamgusa bega, wakaenda. Tulipofika nyumbani ndugu yangu akasema ana njaa.

Wiki ile ile alikwenda kwenye kibanda cha gemu cha mtu mwingine, akaifunga padi pajani kwa leso yangu, akacheza. Alifungwa vibaya. Alirudi akinisimulia magoli aliyofungwa, moja moja, na mara ya kwanza tangu siku ya mapanga nilimsikia akisema mengi kwa mpigo. Siku hizi hucheza vizuri kidogo. Gerezani alirudi tena, peke yake. Walichoongea hakunambia, nami nimeacha kuuliza.

Mamangu hajakubali. Jirani akimuuliza iko wapi ile tivii kubwa, husema, "Imeibiwa." Ndugu yangu akilisikia hilo hutoka nje. Wala sitasema mama ana makosa. Yeye ndiye amfungaye vifungo ndugu yangu siku za Ijumaa anapovaa kanzu yake ya shingo ya kubana, na kila kifungo humkumbusha.

Hivi karibuni kikundi chetu kilikutana nyumbani kwa mwenyekiti kupanga mambo ya Ramadhani nyingine. Afisa wa gereza alikuwa ametuma salamu: kama tungeweza, pamoja na futari, tuwapelekee mipira, bao, na mashine moja zaidi ya gemu, kwa sababu ile iliyopo wanaigombania. Ubishi ukaanza upya, jela ni adhabu, jela si hoteli, mpaka mmoja akakumbuka kwamba nimo. Wote wakanigeukia. Mwenyekiti akasema, "Tumwachie yeye. Akikataa, tusipeleke."

Nilikuwa nimekwenda na jibu langu tayari. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi tangu nyumbani, kwamba chakula sawa, dawa sawa, hata vitabu sawa, lakini mchezo, hapana. Nikafungua mdomo.

"Pelekeni," nikasema.

Nilishtuka kuliko wote. Mtu akaniuliza kama nina hakika. Nikamwambia sina, kisha nikaomba radhi, nikaenda jikoni kwa mwenyekiti nikanywa maji bilauri mbili mfululizo.